Kombi Inayokula Jua

Nusu ya watu wa Tabora walipita mikononi mwa Paskazia, na karibu wote hawakumjua kwa sura. Maharusi, watoto wa komunyo ya kwanza, askari waliopandishwa cheo wakataka ionekane, wote aliwasafisha yeye, kwa dawa na maji, nyuma ya pazia jeusi la studio ya Mzee Hasnain pale Mtendeni. Mbele, penye mwanga, Mzee Hasnain alipanga mabega ya watu na kuwaambia wasipepese macho. Nyuma, kwenye chumba cha giza, Paskazia alizitoa sura zao kwenye karatasi. Aliingia pale akiwa msichana wa kufagia, muda si mrefu baada ya Uhuru, na mvi zikaanza kumtoka akiwa bado mle ndani.

Kazi ya gizani humpa mtu tabia zake. Paskazia hakuweza kuingia chumba chochote bila kukagua nyufa. Misa ikiendelea, yeye alikuwa akitazama mabati ya kanisa kuona ni tundu lipi linapitisha jua. Nyumbani kwake alitundika blanketi dirishani mchana kweupe, mpaka dada yake Katarina akamwuliza kama anafuga popo. Hakuwa na mume wa kumwuliza anafanya nini na kwa nini, lakini Katarina aliuliza kwa niaba ya waume wote wa Unyamwezi. Angejibu nini? Jua likipenya kwa upana wa sindano tu, pakiti nzima ya karatasi za picha inaharibika, na miaka ile pakiti ya karatasi ilikuwa adimu kuliko sukari.

Basi mwaka wa themanini na tatu Mzee Hasnain alifunga studio, akawafuata wanawe ng'ambo. Alimwachia Paskazia mashine ya kukuzia picha, kamera moja, karatasi zote zilizobaki stoo, na Kombi. Hiyo Kombi hakumpa kwa ukarimu mtupu. Haikuwa na mnunuzi. Petroli ilitolewa kwa kibali, na ukishapata kibali unapanga foleni, na ukifika mbele ya foleni unaambiwa imekwisha. Nani anunue gari la kutazama?

Paskazia aliitazama siku kadhaa. Kisha mchana mmoja, katikati ya chakula, likamjia wazo lililomwinua kitini, akatoka nje kuizunguka Kombi huku tonge la ugali liko mkononi.

Huko vijijini wapiga picha walipita kwa baiskeli. Walipiga picha, wakapokea chao, wakaahidi kurudi. Waliojitahidi walirudi baada ya mavuno. Wengine hawakuonekana tena. Sasa je, mpiga picha akifika na chumba chake cha giza? Akipiga asubuhi, na jioni mtu akaenda kwake na sura yake mkononi?

"Picha leo leo!" alisema kwa sauti pale uani, kuku wakatawanyika.

Kilichobaki kilikuwa umeme. Mashine ya kukuzia haifanyi kazi bila taa, na kuwasha injini kutwa ili kuchaji betri kulikuwa ndoto, kwa sababu mafuta ya kibali yangemfikisha safari na kumrudisha, basi. Lakini Paskazia alikuwa na kitu ambacho Tabora nzima pengine hapakuwa na kingine kama hicho. Mtaalamu mmoja wa visima, Mzungu mpole aliyemaliza mkataba wake, alimwachia kioo cha jua, bapa la rangi ya buluu lenye ukubwa wa mlango wa kabati, shukrani kwa kumsafishia picha za watoto wake kwa miaka yote. Kilikuwa chini ya kitanda, kimefungwa kwenye blanketi.

Alikibeba mpaka kwa Fakhrudin, fundi redio na betri, mtu mwembamba mwenye kofia ya dhahabu na nyeupe, ambaye duka lake lilinuka risasi iliyoyeyuka na tindikali.

"Fakhrubhai, nataka kulala ndani ya gari, kufanya kazi ndani ya gari, na nisiwashe injini mpaka siku ya kurudi."

"Dada Paska, hilo si gari tena. Hiyo ni nyumba ya wageni." Lakini macho yake yalikuwa yameshakwenda kwenye kile kioo. Alikitoa nje, akakilaza juani, akagusisha nyaya kwenye taa ndogo ya baiskeli. Taa ikawaka. Fakhrudin, mtu mzima, baba wa mabinti, akapiga makofi.

Walikaa kwenye vibao nje ya duka wakaanza kupiga hesabu, na nawaambia, Paskazia hakuwahi kufurahia hesabu maishani mwake kama siku ile.

"Kila kitu kinachotumia umeme kina mambo mawili," Fakhrudin alisema. "Ulafi wake, na muda anaokaa mezani. Nitajie walaji wako wote. Usinifiche hata mmoja."

Paskazia akataja. Taa ya mashine ya kukuzia. Taa nyekundu ya chumba cha giza, maana karatasi ya picha haiogopi mwanga mwekundu. Taa ya kulalia. Redio. Na feni, kwa sababu Kombi iliyofungwa kila upande, katika jua la Igunga, ingemwivisha kama kiazi.

"Taa ya mashine tutaweka ya mbele ya gari. Mlafi mkubwa huyo. Wati arobaini na tano. Anakaa mezani muda gani?"

"Picha moja ni kitambo kidogo tu. Kwa picha zote za siku, tuseme saa nzima."

"Basi anakula kwa fujo lakini anaondoka mapema. Huyo si mbaya. Feni je?"

"Kutwa."

Fakhrudin akakuna hesabu kwenye mchanga kwa msumari, akainua kichwa taratibu. "Dada, feni yako peke yake inakula kuliko taa zote pamoja."

"Ile ndogo?"

"Ile ndogo. Mwenye kula kidogo kidogo kutwa nzima ndiye anayemaliza sufuria."

Paskazia alicheka mpaka akavua miwani. Alijua watu wa namna hiyo. Wakaipunguzia feni muda mpaka ikabaki ya kupumulia tu. Redio ikaachiwa taarifa ya habari. Kisha wakageukia upande wa pili, wa jua lenyewe, na hapo Fakhrudin akawa mkali. Kioo kiliandikwa wati arobaini mgongoni, lakini hiyo ni saa sita mchana, mbingu nyeupe, hakuna vumbi. Asubuhi jua linachungulia tu, jioni linaaga. Ukilikusanya jua lote la siku, likawa kama lile la saa sita, unapata saa tano. Hizo ndizo za kupangia matumizi, wala si kumi na mbili.

"Na betri usiinywe mpaka chini. Ukifika nusu, acha. Ukiimaliza, umeiua." Akakuna kidevu. "Na wageni?"

"Wageni gani? Nitakuwa peke yangu."

Fakhrudin alimwongezea betri ya pili.

Kwa wiki mbili zilizofuata Paskazia alikuwa kama mtu aliyepata mchumba. Alipima kila kitu kwa ulafi na muda. Alimtazama Katarina akipepea jiko akamwambia kiasi cha joto kinachopotea bure, Katarina akamfukuza jikoni. Walifunga kioo juu ya paa, sehemu ya mbele. Nyuma wakaweka meza ya mashine, kitanda cha mbao juu ya madumu ya maji, na pazia jeusi la studio kila dirisha. Tundu la hewa lililokuwa paani nyuma, juu ya mashine, waliliziba kwa bati. Jioni moja baada ya magharibi wakajaribu. Taa ikawaka, picha ikatoka safi, nyeusi ikiwa nyeusi na nyeupe ikiwa nyeupe. Fakhrudin akaiomba akaitundike dukani.

Waliijaribu jioni. Likumbukeni hilo, kwa sababu wao hawakulifikiria hata kidogo.

Njia ya kwenda Nzega, babu zake Paskazia waliipita kwa miguu, mizigo begani, wakilala walikochoka. Yeye aliipita akiwa na godoro, akiimba, mdomo umejaa vumbi, na kila alipoegesha apumzike alitoka kutazama kioo na kukifuta kwa ncha ya kitenge. Akaipita Igunga, akaiacha barabara kuu, akafika Choma jua likiinama. Ulikuwa msimu wa pamba. Ghala la chama cha ushirika lilikuwa limefurika mpaka mlangoni, na vipande vyeupe vilining'inia kwenye miiba yote ya njiani.

Watu walimpokea vizuri, kwa salamu ndefu na kiti. Lakini aliposema "picha", nyuso zikafunga.

Aliyesema alikuwa mama mmoja mrefu, jina lake Leonia, mwenye kanga iliyofungwa vizuri na sauti ya mtu asiyeombwa radhi kwa urahisi.

"Mwanangu, hapa tumeshapigwa picha sana," alisema. "Alikuja mmoja wa baiskeli. Akatupiga mimi na mzee wangu, tumekaa, mkono wake upo hapa begani kwangu. Akasema atarudi mwezi ukiandama. Mzee alikufa anaingojea picha. Mpaka leo sina sura yake. Wajukuu wakiniuliza babu alifananaje, nawaambia alikuwa mrefu. Nitawaambia nini tena?"

Paskazia alihisi aibu, ingawa kosa halikuwa lake. "Shikamoo, mama," alisema, maana hakujua aanzie wapi.

"Marahaba."

"Picha zangu zinatoka siku hiyo hiyo. Mtu anatoa chake baada ya kuishika picha. Asipoishika, hanidai simdai."

Leonia akasema kwamba binti yake, Veneranda, alikuwa anaolewa Igunga Jumamosi. Kesho angeondoka na shangazi zake juu ya lori la pamba, na lori likiondoka, yeye mama angebaki na nyumba tupu. "Tupige mimi na yeye. Lori linaondoka saa tisa. Picha nikiishika kabla ya saa tisa, nitakuamini, na Choma nzima itakuamini. Nisipoishika, usirudi tena huku."

"Utaishika," alisema Paskazia, kwa furaha na hofu kwa pamoja, hata asijue kipi ni kipi.

Usiku ule alipowasha taa yake ya kulalia na redio ili asikilize taarifa ya habari, watu waligonga mlango. Kwanza wazee wawili waliotaka kusikia redio, kwa kuwa mawe ya betri ya redio zao yalikuwa yamekwisha tangu masika na dukani hayapatikani. Kisha wake zao. Kisha jirani zao na viti vyao. Ungemwambia nani aondoke? Mgeni amepokelewa kwa kiti na uji wa moto, halafu afunge mlango na redio yake? Paskazia aliwaachia taarifa, na muziki, na mawaidha ya kilimo, na redio ya nchi jirani. Feni aliigeuzia mama mjamzito. Alipolala alimkumbuka Fakhrudin na swali lake la wageni, akacheka peke yake. Hakuwa na wasiwasi, kesho jua lingerudisha vyote.

Na kesho yake jua lilitoka kama lililoitwa, halina wingu hata la dawa. Paskazia alipiga picha asubuhi nzima. Familia zilikuja zimejipaka mafuta, baba mmoja alitaka apigwe na ng'ombe wake dume, na ng'ombe alitulia kuliko baba. Leonia na Veneranda walikaa kwenye kibao mbele ya ukuta wa ghala. Veneranda alikuwa na macho makubwa ya kucheka, na alikuwa akijizuia asicheke. Paskazia alipobonyeza, Leonia alikuwa ameushika mkono wa binti yake kwa nguvu, bila kujua.

Mchana ulipoanza Paskazia aliingia ndani ya Kombi, akafunga mlango, akavuta mapazia, akasubiri macho yazoee giza. Giza halikuja. Nyota ndogo za jua zilikuwa zimejaa kila mahali, kwenye kutu ya paa, kwenye mpira wa mlango uliotafunwa na panya, chini ya dashibodi. Jioni ile Tabora hawakuziona kwa sababu hakukuwa na jua la kuzionyesha! Alijaribu karatasi moja kwenye dawa, ikawa ya kijivu kama majivu, yote.

Akatoka mbio. "Turubai! Nani ana turubai?"

Mtunza ghala, bwana mnene aitwaye Masolwa, alikuwa nalo la kufunikia pamba, zito, jeusi kwa uchafu. Wanaume wakalitupa juu ya Kombi, likaifunika yote kutoka mbele mpaka nyuma, wakalibana chini kwa mawe. Paskazia akaingia tena. Giza tupu, giza zuri, giza la Mtendeni! Angeweza kuwabusu wote. Akasafisha filamu, akaikausha, akaiweka kwenye mashine, akawasha taa. Uso wa baba mwenye ng'ombe ukajitokeza kwenye beseni la dawa. Alipoipitisha picha ile mlangoni, chini ya turubai, alisikia kelele kubwa zimelipuka nje kana kwamba timu ya Choma imefunga bao. "Ng'ombe ametoka! Ng'ombe ametoka vizuri kuliko mwenyewe!"

Akatoa nyingine, na nyingine. Jasho lilimwingia machoni. Aliwasha feni akaiacha. Alikuwa anaimba mle ndani, mtu aliyekaa gizani miaka yote bila kusikia hata siku moja anayechukua picha akifurahi, maana pale Mtendeni sifa zote zilibaki mbele ya pazia. Picha ya Leonia aliiacha mwisho makusudi, ili aikuze vizuri kwenye karatasi kubwa.

Alipoiweka negativu ile kwenye mashine, taa ilikuwa ya manjano. Akaitazama. Ikawa ya chungwa. Feni ikaanza kuzunguka kwa uvivu, ikasimama. Taa ikawa uzi mwekundu, halafu haikuwa kitu.

"Fakhrudin!" alipiga ukelele. "Fakhrudin, hesabu yako ya mchangani!"

Alimtukana fundi yule, na kofia yake, na msumari wake. Siku nzima ya jua kali namna hii, na betri mbili! Kioo kimekufa? Waya umekatika? Alitoka akitambaa chini ya turubai, akapanda kwenye bampa kwenda kukagua, akapitisha mkono juu ya paa kukitafuta kioo. Mkono wake ukakipata. Kilikuwa baridi. Kilikuwa pale pale walipokifunga, kimya, chini ya turubai la pamba.

Paskazia alibaki amesimama kwenye bampa, mkono juu ya kioo. Wageni wa jana usiku walikuwa wameshakula, naye amefunika sahani halafu akalalamika njaa. Miaka yote ya kuziba nyufa, mikono yake ilikuwa imelifungia nje jua lile lile alilotoka nalo Tabora kuja kulitumia. Akaanza kucheka, na kicheko kikawa karibu na kilio, kwa sababu kule ghalani magunia ya mwisho ya pamba yalikuwa yanapandishwa.

"Vipi, mwanangu?" Leonia alikuwa amesimama chini, kanga imefungwa vizuri. Nyuma yake Veneranda na sanduku lake.

"Umeme umekwisha, mama. Nimelifunika jua kwa mikono yangu."

Leonia aligeuza uso kuelekea kwenye lori, na Paskazia angependelea kupigwa kofi kuliko kuuona uso ule.

Aliwaambia wavute turubai mpaka nusu, kioo kikawa nje, lakini alijua bure. Hesabu alikuwa nayo kichwani. Kwa betri zilizokauka vile, kioo kingetaka jua lote lililobaki kabla taa ya mashine haijawaka hata mara moja. Taa, ndiyo tatizo. Mlafi mkubwa anayekaa mezani kidogo. Na taa yenyewe ni nini? Ni jua lililoingia kwenye kioo, likapita kwenye waya, likalala kwenye betri, likaamka, likapita waya mwingine, ili liwe mwanga. Safari yote hiyo! Na mwanga wenyewe uko hapa, unamchoma kisogoni!

"Masolwa!" aliita, sauti ikapanda juu. "Bisibisi! Niletee bisibisi, na mtu anifungulie kile kioo cha dereva cha kutazamia nyuma!"

Wakalirudisha turubai, wakaacha wazi tundu la hewa la nyuma na upenyo mmoja wa dirisha tu. Paskazia akang'oa kifuniko chekundu cha taa ya nyuma ya Kombi, akakibandika kwenye upenyo huo, na ndani kukawa na wekundu hafifu wa kufanyia kazi, bila wati hata moja. Akatoa lile bati kwenye tundu la hewa paani, lililokuwa juu kabisa ya mashine. Akatoa taa ya mashine. Akakata mkono wa koti lake jeusi, akaunganisha tundu na kichwa cha mashine kama koo, akatandika karatasi nyepesi juu ya tundu ili mwanga utulie. Kilichobaki ni mtu wa kusimama juu ya paa ashike kile kioo cha dereva, akiinamishe, alimwagie jua tunduni.

"Mimi," alisema Veneranda.

"Na nguo zako hizo!" akapiga kelele shangazi mmoja.

Veneranda alikuwa ameshavua viatu. Akapanda kwenye bampa, akapanda paani, bibi harusi mtarajiwa katika kitenge kipya, akapiga magoti nyuma ya tundu na kioo mkononi. Doa la mwanga likaruka kwenye ukuta wa ghala, likampiga Masolwa usoni, likarudi, likaangukia tunduni.

Ndani, Paskazia aliona sura mbili zimelala kwenye ubao wa mashine, kali, zinawaka kuliko taa yoyote aliyowahi kufanyia kazi. Akapiga ukelele wa furaha. "Usitikisike!"

Karatasi ya kwanza ikawa nyeusi tititi, jua lilikuwa na nguvu mno. Akabana tundu la lenzi lipitishe mwanga kidogo. Lori likawashwa, honi ikapiga. Ya pili ikawa nyeusi nusu. Honi ikapiga tena, na Abasi, dereva, akasikika akisema kwamba injini hii akiizima haiwaki mpaka isukumwe, na kwamba yeye dizeli yake si ya kungojea picha. Paskazia akabana lenzi mpaka mwisho, akaiziba kwa kiganja, akafungua, akafunga, kama mtu anayepepesa jicho. Akaitia karatasi kwenye dawa.

Wakaja wote wawili. Mama amenyooka, binti na kicheko chake alichokizuia, na ule mkono juu ya mkono.

Alitoka nayo mbio ikiwa bado inachuruzika maji. Leonia aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama mpaka honi ilipopiga mara ya tatu. Kisha akaenda mpaka kwenye lori, ambako Veneranda alikuwa ameshapandishwa juu ya magunia, akainyoosha juu kwa urefu wake wote.

"Chukua. Kule unakokwenda hawanijui. Waonyeshe mama yako."

"Mama, ni moja tu! Ni yako!"

"Chukua, mwanangu."

Lori likaondoka. Veneranda aliishika picha kifuani kwa mikono yote miwili, hakuwa na mkono wa kupungia. Vumbi likafunga njia, na Leonia akabaki amesimama, mikono imening'inia, mitupu.

Paskazia alitazama jua. Lilikuwa limeanza kulala upande, lakini lilikuwepo. Akamvuta mama yule kwa kanga yake. "Twende. Haraka, kabla halijashuka. Masolwa, panda juu, shika kioo!"

"Mimi? Na unene huu, paa litabeba?"

"Panda!"

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alimwingiza mtu mwingine gizani. Akamsimamisha Leonia mbele ya beseni, katika ule wekundu, akamwambia asiguse kitu. Juu paa lililia chini ya magoti ya Masolwa. Jua likaingia, dhaifu kidogo sasa, Paskazia akaliachia muda zaidi, akalifunga, akaitelezesha karatasi kwenye dawa. Ilikuwa nyeupe tupu. Leonia aliitazama, akamtazama Paskazia kwa mashaka, akaitazama tena.

Kwanza ukaja weusi wa nywele. Kisha shingo, na shanga. Kisha macho yale makubwa yakajitokeza majini, na mdomo uliokuwa ukijizuia usicheke. Leonia akashika ukingo wa meza. Uso wote ulipotimia, akainama karibu kabisa na beseni, akasema taratibu, kama mama anayemfungulia mtu mlango:

"Umefika salama, mwanangu?"

Paskazia alikuwa analia, na ilimbidi ajikaze kuitoa picha kwenye dawa kabla haijazidi kuwa nyeusi.